Mstari wa Saba

Mwaka ule reli ilipofika Dodoma na kuendelea kuelekea Tabora, Halfani, karani wa boma, alipewa karatasi ya kazi na Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, kila asubuhi, na kila asubuhi kichwa kilimuuma. Kazi kumi na mbili zilimkodolea macho kwa pamoja. Alianza zote, asimalize hata moja.

"Zifunike," mkewe Mwantum alimwambia. "Soma mstari mmoja, umalize, ndipo ufunue mwingine. Nani alimaliza ugali kwa tonge moja?"

Jumatatu Halfani akaifunika karatasi kwa kofia yake. Mstari wa kwanza: barua ya Kilimatinde ipigwe muhuri. Akaipiga, akaukata mstari, na miguu yake ikaachana na sakafu kwa shibiri moja. Akanakili hukumu ya mbuzi walioibwa. Shibiri ya pili. Raha ilimpanda kama mtoto kwenye bembea. Alipomaliza kazi ya sita kichwa kiligusa dari, naye anacheka peke yake, anaomba wino. Askari Bashiri akampandishia kidau kwenye ncha ya bunduki.

"Leo uko juu, karani."

"Niko juu, ndugu yangu. Kumbe kazi tamu hivi!"

Akafunua mstari wa saba: watu arobaini wa kijiji cha Ipagala wafungwe kamba, wapelekwe kujenga reli. Alikuwa akiunakili kila wiki tangu masika, umebanwa katikati ya mihuri na mbuzi. Leo ulikuwa peke yake. Kupitia tundu la hewa aliwaona uani, wamechuchumaa wakingoja kamba. Elieza, muuza maziwa wake, alikuwa wa tatu. Hana, mke wa Elieza, alisimama langoni na kibuyu.

"Mbukwenyi, karani," Hana alimwamkia, akitazama juu. "Shamba nitalima na nani?"

 Halfani akaweka kalamu sikioni.

"Huu siukati," alimwambia Bashiri.

Bwana Shauri akaingia, akaidai karatasi, akampa Abbasi, karani wa pili, aliyesoma mistari yote kwa mara moja bila kuumwa kichwa. Kabla ya adhuhuri watu arobaini walikuwa njiani, Hana akiwakimbilia nyuma.

Halfani hakushuka. Kesho yake Bwana Shauri akaagiza karani atafutiwe ngazi. Ililetwa mapema, ya mninga, imebebwa na watu wengine wawili wa Ipagala waliofungwa pamoja shingoni. Waliiegemeza ukutani taratibu, wasije wakamgonga miguu.