Mkono Uliopona Haraka

Aurelia alijivunia mkono wake. Siku ya sita tu baada ya kuchanjwa ndui, kidonda kilikuwa kimekauka na ngozi imerudi laini, wakati mama yake, Stefania, alikuwa akilalia ubavu mmoja kwa maumivu. "Dawa imenikubali, mama. Wewe imekukataa," alisema, na kijiji kizima cha Lipangalala kilikubaliana naye. Watu walijua chale tangu zamani: unachanjwa, unapaka majivu, kidonda kinafunga, mambo yamekwisha. Kwa hiyo Apolinari, mchanjaji wa serikali ya Kijerumani, alipogeuka tu kwenda zake, wakapaka majivu. Stefania naye angepaka, ila alikimbilia shambani kufukuza ndege wa mpunga, akasahau.

Siku ya nane habari ilivuka mto kutoka Lupiro: Margareta, mama mkwe wa Aurelia, ana ndui. Ildefonce, mume wa Aurelia, alikuwa na makovu ya ndui tangu utotoni, na kila mtu alijua ugonjwa ule haumrudii mtu. Lakini mwanamume hamwogeshi mama yake. Aurelia, aliyekuwa amekuja kwao kusaidia kazi za shamba, akaanza kufunga mzigo.

"Naenda. Si nimechanjwa?"

Bahati, au tuseme amri ya wakubwa wake, ilimrudisha Apolinari asubuhi ileile kukagua mikono. Aliushika wa Aurelia, akaugeuza kwenye mwanga.

"Huu haukushika," alisema. "Ulitakiwa uvimbe, utoe lengelenge, kama wa mama. Ukipona haraka hivi, ni sawa na hukuchanjwa. Naona mlipaka majivu; yanaiua dawa."

"Wiki iliyopita ulisema tumekingwa wote!" Aurelia alimaka.

"Nilisema. Niliwahi mno kusema."

Majirani walianza kunung'unika, na hasira ikampanda Stefania. Miaka mitano nyuma mumewe, Kelestini, alipewa maji, akaambiwa risasi hazitamdhuru. Akaenda vitani Mahenge kifua mbele, kama anayekwenda harusini, na hakurudi. Tangu hapo Stefania hakuwa na hamu na mtu yeyote mwenye dawa na maneno matamu.

"Umejuaje?" alimuuliza.

"Kilosa nilichanja kijiji kizima, mama. Ndui ilipoingia, nilipita nyumba kwa nyumba mwenyewe. Wa mikono misafi, isiyo na kovu la chanjo, waliugua kumi na mmoja. Kati ya wenye kovu aliugua mmoja, kidogo tu, akapona."

"Mimi nikienda Lupiro, nitaugua?"

"Sidhani. Lakini kuapa siwezi. Sijui."

"Na Margareta, dawa yako itamponya?"

"Hapana. Aliyekwisha kuugua haimsaidii kitu."

Stefania alimtazama. Wale wa maji walikuwa na jibu kwa kila swali. Huyu amekiri kosa lake mbele ya watu ambao wangeweza kumtwanga, na hata sasa anasema hajui. Hasira ikamshuka, ingawa hofu ilibaki palepale.

"Mchanje tena huyu," alisema. "Na akigusa majivu nitamvunja mkono wenyewe. Lupiro naenda mimi."

"Ni mkwe wangu mimi!" Aurelia alilia. "Watu watasema nini?"

"Waseme."

Alivuka kwa mtumbwi siku hiyohiyo. Alimwogesha Margareta, akamnywesha uji kidogo kidogo, akamfukuzia nzi. Kila asubuhi alijikagua uso na mapaja, maana aliogopa sana, tusimpe ushujaa asiokuwa nao. Siku ya tisa tangu afike, Margareta alikufa mikononi mwake. Siku ya kumi na sita Stefania alikuwa bado mzima.

Siku hiyo Aurelia alishuka mtumbwini Lupiro, akaja mbio kuelekea nyumbani kwa mumewe, alikokuwa mama yake.

"Shikamoo, mama!"

Stefania hakuitikia. Alimwashiria asimame hapohapo, kisha afunue bega. Aurelia akafunua. Stefania akasogea, akatazama: gamba jeusi, nene, na ngozi nyekundu pembeni. Akalibonyeza kwa kidole. Aurelia akapiga yowe.

"Marahaba, mwanangu," alisema Stefania, na machozi yakamtoka.