Khitma ya Maalim Marhoon

Gitaa la umeme katika nyumba ya taa ya mafuta! Marhoon, aliyewatangulia wote Unguja kupiga rokenroli hadi wazee wakamwombea hidaya, mwaka 1967 alikuwa Mutrah, kando ya Muscat, akiegemeza gitaa kwenye kasha la nguo na kutega sikio ili walau alisikie. Mtaani kwao umeme haukuwapo, na muziki wenyewe ulikuwa marufuku.

Adhuhuri moja redio ya betri ikamletea sauti ya Mahfoudh, mwanafunzi wake aliyekimbilia Mombasa. Mtangazaji alimwuliza kajifunza kwa nani.

"Kwa marehemu Maalim Marhoon. Vijana wote wa pwani hii wapigao gitaa, mkono ni wake. Kila mwaka twamsomea khitma."

Kisha akapiga wimbo wa mwalimu wake, akaukosea katikati.

Marhoon akanyakua kalamu. Alitaka jambo moja tu duniani: Mahfoudh ajue kuwa yu hai. Rahila, mkewe, akamshika mkono.

"Umesahau, mume wangu? Mimi nlikaa eda nawe umo uvunguni, wanawake wanipa mkono wa tanzia. Na kaka yangu Suud kala yamini mbele ya wenye bunduki kwamba kakuzika. Bado yuko kulekule Unguja. Ukifufuka wewe, atakufa yeye."

Akaiweka kalamu. Hila iliyomwokoa kwenye mapinduzi ndiyo iliyomzika. Alilia, wala hakuona haya.

Mwaka 1970 Suud akafika Muscat salama salimini. Hata kahawa hajamaliza, shemeji yake keshajifungia na karatasi. Marhoon aliandika kurasa nne, akaeleza hata lile kosa la katikati ya wimbo. Jibu lilichukua miezi miwili, na kila siku ya miezi hiyo alikuwa mtu wa furaha.

"Mzee wangu, wewe si wa kwanza kujidai Marhoon. Wimbo huo Mombasa nzima twaupiga hivyo, na mwalimu hakukosea. Mkewe kamkalia eda, nasi tumemsomea khitma sita. Mche Mungu, usile jina la maiti. Allah amrehemu mwalimu wangu, amghufirie."

Rahila alikuwa mlangoni, uso umemchangamka. "Kasemaje?"

Marhoon akaikunja barua taratibu.

"Kaniombea maghufira," akasema.