Viraka Vitatu vya Krimu

Mama Pasi, aliyepewa jina hilo kwa kibanda chake cha kupiga pasi nguo za watu, alikuwa na chumba cha uani kisicholaliwa na mtu, na kwa wiki mbili sasa hakuwa na habari nyingine. Kila aliyeleta shati la kunyooshwa alisimuliwa: mdogo wake anakuja kukaa naye, tena kukaa moja kwa moja, si kutembea. Wote wawili walikuwa wajane. Mama Pasi hakubahatika kupata mtoto, na tangu mumewe afariki, miaka minne iliyopita, alikuwa akila amesimama jikoni, maana kuandaa meza kwa ajili ya mtu mmoja aliona ni kujichosha bure. Upweke ulikuwa umemchosha hasa. Siku nyingine alipiga pasi nguo iliyokwisha nyooka, ili mteja akifika amkute hajamaliza, akae kidogo.

"Chumba kipakwe krimu," mdogo wake alikuwa amesema mwanzoni kwenye simu. Basi akaitwa fundi rangi. Fundi akaja na makopo matatu, akapaka viraka vitatu ukutani karibu na dirisha, kila kimoja ukubwa wa sahani, akarudi nyuma akakunja mikono. Vyote krimu. Cha kushoto kilielekea kidogo kwenye manjano, cha kulia kwenye kijivu, na cha katikati, jamani, hicho hakikuelekea popote.

"Ipi sasa, mama?"

Mama Pasi akavisogelea, akarudi mlangoni, akafumba jicho moja. "Hiyo ya kulia nzuri."

"Wewe ndiye utakayelala humu?"

"Mdogo wangu."

"Basi mpigie yeye." Fundi akakaa juu ya ndoo. Bwana huyu ana sharti lake, na halivunji hata umlilie: rangi huipokea kinywani mwa atakayelala chumbani, si mwingine. Aliwahi kupaka chumba cha mume kwa chaguo la mke, akarudia kukipaka mara tatu, na ndoa yenyewe ikaponea chupuchupu. "Watu hawagombani kwa nyekundu na buluu," akasema. "Wanagombania hizi krimu."

Mama Pasi akacheka. Mdogo wake ni mtu wa kutoa kasoro tangu utotoni. Shuleni aligoma kuvaa soksi kwa kuwa weupe wake haukuwa weupe wa shati. Siku ya harusi yake aliwafukuza wapambaji na mapazia yao, wageni wakiwa wamekwisha kukaa vitini.

"Kaa vizuri, fundi. Hapa itakwenda saa nzima." Na saa hiyo aliitamani kwa moyo wote.

Akapiga picha viraka vile, akazituma, akangoja kidogo, akapiga simu.

"Picha umeziona?"

"Nimeziona."

"Haya, chagua. Fundi anasubiri."

"Yoyote tu, dada. Zote nzuri."

Mama Pasi akaitoa simu sikioni, akaitazama, asije akawa amekosea namba. Akatoka uani, akasimama penye kamba ya nguo.

"Hujaziangalia wewe. Ya kushoto ina umanjano."

"Si mbaya."

"Ya kulia imepauka, utadhani maji ya kufulia."

"Itapendeza tu, dada."

Mtu huyu, aliyewahi kumnunia siku mbili kwa sababu ya kifungo kimoja kisichofanana na wenzake, leo kwa kuta nne za chumba chake anasema yoyote tu. Hakuhitaji kuambiwa zaidi, ila kulala na swali hilo asingeweza.

"Huji, sivyo?"

Upande wa pili mtoto alikuwa akilia, kisha mlango ukafungwa. "Wajukuu wamenizoea, dada. Mwanangu anasema nikiondoka atawaachia nani. Nilitaka kukuambia tangu wiki iliyopita. Nikasikia unavyofurahi, nikashindwa."

"Haidhuru," Mama Pasi akasema. "Wasalimie."

Haidhuru wapi! Alikata simu akabaki pale kambani akikunja na kukunjua taulo moja, machozi yakimtiririka kwa uchungu na kwa hasira pia, na hasira yenyewe hakujua amwelekeze nani. Angeweza kurudi ndani amwambie fundi achukue makopo yake. Lakini maneno yale hakuwa na nguvu ya kuyatamka, na fundi akiondoka nyumba ingebaki na yeye tu, na ndiyo kwanza saa nne asubuhi. Akanawa uso bombani, akaingia.

"Enhe. Kachagua?"

"Ya katikati."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ya kushoto kasema ni rangi ya mgonjwa. Ya kulia ndiyo usiseme, kaitukana mpaka nikaona haya."

Fundi akaridhika, akafungua kopo. Mama Pasi akavuta kigoda mlangoni. Kila brashi ilipofika kona, alikuwa na neno kutoka kwa mdogo wake: kwenye kona yeye hupitisha kidole kukagua, fundi aangalie, tone moja sakafuni ataliona, mkono wa pili wa rangi uwe mzito, la sivyo atamfuata hadi kwake.

Fundi akaiweka brashi chini, acheke vizuri. "Ana maneno huyo. Mtawezana kweli?"

"Tutagombana asubuhi mpaka jioni," akasema Mama Pasi. "Sitapumua humu ndani."