Sufuria za Muungano

"Mama Achola, wewe uko upande wa nani?"

Mzee Oyugi aliniuliza hivyo juu ya ua, nikianika omena, vile vidagaa vya ziwani. Nikamjibu niko upande wa Yesu. Akasema hilo si jibu, hilo ni kuhepa.

Hapa Dunga tuna desturi yetu. Kiboko akitoka kwenye mafunjo akaingia shamba la mtu, mwenye shamba anapiga sufuria. Ukisikia, unatoka na yako, unapiga, mpaka mnyama achoshwe na kelele arudi ziwani. Hakuna kuulizana. Ndivyo sukuma wiki yangu imepona tangu Mungu amchukue Baba Achola, na hiyo ndiyo inanilisha.

Halafu Urusi ikaingia Ukraine. Oyugi, ambaye kifungua mimba wake alisomea Urusi, akasema Urusi isitukanwe mbele yake. Enos, jirani wa upande wa pili, akawa mtu wa Ulaya. Siku redio iliposema Finland imejiunga na muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, Nelima naye, jirani ambaye hakuwa na upande, akahamishia sufuria zake kwa Enos. Wakaapa: akiguswa mmoja, wameguswa wote. Wakazitundika zikielekea kwa Oyugi.

"Hizo zinaniangalia mimi," Oyugi akalalamika. Naye akaungana na Mukhwana, mwenye ngoma kubwa. Shida ni kwamba Mukhwana anaishi Kisian, upande wa pili wa mji.

Jioni moja nikisali, nikasikia majani yanakatwa. Kiboko. Nikatoka nikipiga sufuria. Enos na Nelima wakaja mpaka kwenye ua wakasimama.

"Mbona hampigi?"

"Mama, wewe si mwanachama," Enos akasema kwa upole. "Lakini tuko na wewe kabisa. Tutakuazima sufuria."

Wakanipitishia moja juu ya ua. Kisha ile kubwa ya kupikia harusini. Kisha mifuniko.

"Hiyo kubwa usiipige ukiangalia kwa Oyugi," Nelima akaongeza. "Tusije tukaanzisha vita."

"Nelima, mimi nina mikono miwili tu."

"Hilo tutalijadili."

Oyugi alikuwa kwenye simu. "Mukhwana amefika Kondele," akatangaza. "Anangoja gari. Ngoma imekataliwa kwa ile ya kwanza."

Nilipiga mpaka bega likauma. Kiboko alikula mstari baada ya mstari, kama mgeni aliyekaribishwa. Alipomaliza akavunja ua, akaingia kwenye mahindi ya Oyugi.

Oyugi akashusha simu. Safari hii hakuniuliza upande.

"Mama," alisema tu, na sauti ilikuwa ndogo.

Nikaokota ile sufuria ya harusi.

"Hiyo ni yetu," Enos akaita. "Huko hairuhusiwi. Mama Achola, fikiria. Kiboko akirudi kwako kesho, utamwita nani?"

Nikatazama mashina matupu ya sukuma wiki. Arudi kufuata nini? Nikatoka kwa tundu lile lile alilopitia kiboko, nikipiga.