Tamthilia Isiyo na Maneno

Rowena alikuwa amechambua tamthilia zote za London ambazo mtazamaji hakai kitini, anatembea ndani ya mchezo pamoja na waigizaji. Aliyoichagua ilichezwa katika ghala kuukuu la Woolwich: orofa nne, kila mtazamaji na barakoa nyeupe, na marufuku kufungua mdomo mpaka mwisho. Marufuku hiyo ndiyo aliyoitaka hasa. Baba yake na kaka yake Barnaby walikuwa hawajasemezana mwaka na miezi miwili.

Chanzo ni mazishi ya mama. Barnaby alikosa treni, akafika jeneza limekwisha kushushwa, na baba akamwambia mbele ya watu, "Bora usingekuja." Ikawa ndiyo basi. Wanaume wazima, vichwa vigumu kupita kiasi, na Rowena kachoka kula Krismasi mara mbili, mchana kwa huyu, jioni kwa yule.

Alianza na Barnaby, kwa simu.

"Nani kakwambia nataka kumwona?"

"Hutamwona. Atakuwa na barakoa."

"Mdogo wangu, wewe una wazimu."

"Ninao, ni wa ukoo. Jumamosi, saa moja jioni. Usichelewe."

Neno lile lilipomtoka tu, akajuta.

"Nitafika saa kumi na mbili," Barnaby akasema, akakata simu.

Kisha akaenda kwa baba, akamkuta jikoni kwake anapaka mkate siagi.

"Mchezo gani huo usio na viti? Kwa magoti haya?"

"Lifti ipo, baba."

"Na yeye anajua kama nitakuwepo?"

"Anajua. Kasema atakuja."

Mzee akaweka kisu chini. Rowena alikwisha kuapa kwamba akikataliwa leo, hatawasihi tena maisha.

"Na hakuna kusema hata neno?"

"Hata moja. Ndiyo maana nimeuchagua. Hamtapata nafasi ya kugombana."

Baba akausukuma mkate wake kando.

"Basi huo haufai."

Rowena akaanza kukunja karatasi aliyoandikia saa na anwani.

"Tafuta mwingine, mwanangu," baba akasema, "unaoruhusu watu kuzungumza. Nina neno la kumwambia yule mtoto, limenikaa kooni tangu makaburini."