Milango Tisa Hadi Ngazini

Mwenyeji njoo, mgeni apone. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kulala hotelini.

Bi Shuka alisafisha vyumba vya hoteli ile kwa miaka ishirini na sita. Jina hilo alipewa na wenzake, maana kitanda alichokitandika yeye, nzi akitua anateleza. Leo alikuwa anarudi, tena kwa mlango wa mbele, mumewe kando yake na binti yao mbele kama kiongozi wa msafara. Binti alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule miezi mitano ili wazazi wake walale usiku mmoja ghorofa ya tatu, mahali walipokutana.

"Nimelipia chumba kwa ile bei nafuu," alisema ndani ya lifti. "Ila ukishalipa, pesa hairudi hata ukifa."

"Basi leo hatufi," alisema baba yake, aliyekuwa mpishi wa hoteli hiyo hiyo. "Tutakufa kesho, tukishakula staftahi."

Bi Shuka alicheka wakitoka kwenye lifti, lakini pua yake ilikuwa kazini. Zamani ukumbi huu wa vyumba ulinukia sabuni ya kipande na pasi ya moto. Sasa ulinukia manukato ya kupuliza. Alipapasa ukuta. Chini ya rangi mpya, kovu la toroli lake la mashuka lilikuwa pale pale.

"Mume wangu, unakumbuka ngazi za nyuma?"

"Nisikumbuke vipi? Ulikuwa unanikimbilia."

"Mwongo wewe! Nani alikuwa ananingoja na mkate ndani ya aproni?"

Ngazi zile ziliwekwa kwa ajili ya dharura. Wao walizifanya sebule. Kwenye kidato cha tatu, baada ya sahani za mchana na kabla ya sufuria za jioni, ndipo mpishi alipomwomba wafunge ndoa, mdomo umejaa mkate. Bi Shuka alitaka kukaa pale tena kabla hata ya kufungua chumba. Akaweka mkoba chini, akafumba macho, akaanza kutembea, kiganja ukutani.

"Mama, unafanya nini?"

"Nahesabu milango. Msimamizi wetu, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba moshi ukijaa, macho hayakufai kitu. Kila asubuhi kabla ya kazi tulipita hapa wanawake wanane, tumefumba macho, tunacheka. Aliyechungulia alisugua vyoo vya ghorofa nzima. Ni milango tisa hadi ngazini."

Mmoja. Miwili. Mitatu. Aliwasikia wenzake nyuma yake, kandambili zao, vicheko vyao vya kubanwa. Baada ya wa tisa, kiganja kikagusa mnyororo.

Akafumbua macho. Mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi. Kupitia kioo kidogo aliona magodoro mabovu yamerundikwa hadi darini. Kidato cha tatu hakikuonekana kabisa.

"Siku hizi ni stoo, mama," alisema msafisha vyumba aliyekuwa akipita na ndoo. "Ufunguo anao meneja."

"Tunaondoka," alisema Bi Shuka.

"Mama, usiku mmoja tu!" Binti akamnyooshea vidole vilivyochomwachomwa na sindano. "Miezi mitano, mama!"

Bi Shuka alivishika vidole vile, akavipuliza kama alivyovipuliza binti alipokuwa mdogo. "Najua, mwanangu. Lakini pesa imeshatangulia. Sisi tusiifuate."

Wala hakuelekea kwenye lifti. Aligonga mlango wa jirani mara tatu kwa kifundo cha kidole, akaita kwa sauti ile ile ya zamani: "Huduma ya chumba!" Akatoka bwana mwenye povu kidevuni. "Baba, ngazi za dharura zimefungwa mnyororo. Ukizuka moto, njia ni ile moja ya mbele. Njoo ujionee." Akagonga wa pili. Akagonga yote tisa. Alipomaliza, ukumbi ulijaa watu, mmoja na taulo tu, wote wakimtaka meneja.

Meneja alifika akihema, akamvuta Bi Shuka pembeni pamoja na mumewe na binti yao.

"Mama, umenivurugia hoteli. Tufanye hivi: waambie umekosea, uwaombe radhi kwa usumbufu. Nami nitamrudishia binti yako pesa yake yote, leo hii."

Bi Shuka alimtazama binti yake. Binti alitazama vidole vyake kitambo. Kisha akainama, akaokota mkoba wa mama yake, akautundika begani.

"Si unamsikia," mzee akamwambia meneja, ingawa binti hakuwa amesema neno.

Bi Shuka akamgeukia meneja. "Miaka ishirini na sita nimegonga milango hii nikiomba radhi. Samahani kwa taulo, samahani nimechelewa, samahani nimekuamsha. Zimeniisha, mwanangu. Lete ufunguo. Siombi radhi."