Dari ya Kiwanda cha Blanketi

Mkaguzi wa mishono alikuwa akipima pindo la blanketi la kijivu pale dari ya kiwanda iliposhuka vidole vitatu. Mtunza stoo akaleta ngazi, akapima, akaandika ubaoni. Redioni walisema hisa za kiwanda zimeanguka tena.

"Inama, Twiga," mkaguzi alimwambia fundi wa mitambo, mtu mrefu kuliko wote, aliyebakiza miezi miwili astaafu.

"Dada, mimi hata mama mkwe sijamwinamia hivi."

Watu wakacheka, wakainama, kazi ikaendelea.

Kufika Ijumaa dari ilikuwa usawa wa kifua. Mkaguzi akaomba ruhusa, akaenda mjini. Yeye ndiye aliyewawakilisha wenzake kwenye akiba ya uzeeni, na akiba yenyewe ilikuwa hisa za kiwanda chao. Mwezi uliopita alitia sahihi zikopeshwe kwa mfuko mmoja wa matajiri, kwa ada ndogo. Aliona ni kama kumwazima jirani sufuria: atapika, ataosha, atarudisha.

Ofisi ya mfuko ilikuwa na dari ya juu mno, hata vijiwingu vilipita chini yake. Karani alimpa kiti.

"Tulizikopa, tukaziuza zote kwa mpigo, mama. Wengine wakiona hivyo wanaogopa, nao wanauza. Zikishafika chini kabisa tunazinunua kwa bei ya kutupa, tunawarudishia; pesa inayobaki ni yetu. Haitapungua hata moja."

"Na dari?"

Karani alipekua mkataba kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa. "Dari haimo."

Hisa zilirudi kama alivyoahidi, idadi kamili. Dari ilikuwa imeshafika kiunoni, ikabaki hapo. Kiwanda kilibandika tangazo kwamba kinaajiri wafupi, na waliokuwepo wakajifunza kushona wamepiga magoti.

Twiga alistaafu siku yake ilipotimia. Akiba yake, kwa bei ya siku ile, ilitosha nauli na blanketi moja. Mkaguzi alimsindikiza hadi nje ya geti. Mzee alitembea amekunjika, akitazama viatu vyake.

"Nyoosha mgongo, kaka. Tumeshatoka."

Twiga aligeuza shingo, akaliangalia anga kwa jicho moja, bila haraka, kama fundi anayekagua mtambo wa watu.

"Hili nalo hamjalikopesha?"

Mkaguzi naye akainama kidogo, wakaenda hivyo hadi kituoni.